Siri ya Jani la Kivulini

Mtu anayeshuka asubuhi kwenye kivuko cha Lualaba hapa Kindu huona mitumbwi ikifika kutoka ng'ambo ya Alunguli, na ndani yake akina mama wameketi kati ya vikapu vyao. Mna mihogo, mna mawese, mna samaki na ndizi, na mara nyingi mna pia mafungu ya majani mapana yaliyofungwa kwa kamba za msituni. Majani hayo hayaliwi. Ni ya kufungia chakula: kwanga hufungwa humo, samaki wa liboke huivishwa humo juu ya makaa, nayo harufu ya jani huingia katika nyama ya samaki ikaongeza utamu wake. Kazi ikiisha jani hutupwa, na baada ya siku chache limekwisha kuwa udongo. (Mfuko wa plastiki ulioletwa kushika mahali pake hauna adabu hiyo, tunaukuta mtoni mwaka baada ya mwaka.) Nani kati yetu amepata kujiuliza majani hayo yanatoka wapi? Tunanunua, tunafungua, tunakula, basi.

Yanatoka kivulini. Ndani ya msitu mkubwa, mahali jua linapofika chini kama vipande vya fedha tu, huota mimea isiyokuwa na shina gumu: kila jani limesimama peke yake juu ya kikonyo kirefu, limechomoza kutoka katika mzizi ulalao chini ya udongo. Iko ya namna nyingi, na wenyeji wa msitu hawaikosei hata siku moja. Kule Ituri huyaita majani hayo mangongo, na Wambuti huezekea vibanda vyao kwa hayo, jani juu ya jani kama magamba ya samaki. Leo hatutaki kusema habari za jamaa nzima. Twataka kusema habari za ndugu mmoja tu wa jamaa hiyo, mmea wa tunda tamu, ambao wenye elimu ya mimea wameupa jina la Thaumatococcus daniellii. Jina ni refu, lakini tutalirudia, maana ndani yake mna kisa.

Ukiuona mara ya kwanza hutaudhania kuwa na ajabu lolote. Jani lake ni kubwa, urefu wake hupata nusu mita, na kikonyo chake huweza kupita kimo cha mtu. Maua yake ya zambarau hayapandi juu kutafuta jua. Huchanua chini karibu na udongo, na matunda hukaa huko huko, hata mtu mwenye haraka huyakanyaga asijue. Tunda ni jekundu, lina pembe tatu. Ukilipasua utakuta mbegu nyeusi ngumu, zimezungukwa na ute, na kila mbegu imevaa kofia ndogo laini. Kofia hiyo ndiyo yenye ajabu. Mtu akiinyonya, kwanza haonji kitu. Halafu utamu unakuja polepole, unazidi, unakaa kinywani muda mrefu, hata akila limau baadaye, limau lenyewe linakuwa tamu. Wataalamu wamepima wakaona kwamba kitu kile kilicho ndani ya kofia, uzito kwa uzito, hupita utamu wa sukari mara elfu mbili au zaidi.

Tangu Sierra Leone hata misitu yetu ya Kongo watu wameutumia mmea huu. Majani yake ni ya kufungia na kuezekea. Vikonyo hupasuliwa kuwa kamba na mikeka. Tunda hutiwa katika tembo la mchikichi lililoanza kuwa kali, au katika uji uliochacha. Utomvu wa jani umetumiwa kama dawa ya kuumwa na wadudu, na mahali pengine kumtuliza mtu aliyepagawa na wazimu. Hatusemi kwamba dawa hizo zote zinafaa. Tunasema kwamba watu wamezitumia, nasi tutaona chini kwa nini tofauti hiyo ni kubwa.

Lakini matunda ni machache. Mmea huu huenea zaidi kwa mizizi kuliko kwa mbegu, hata waweza kukuta majani mia na matunda mawili. Tena unapenda kivuli na unyevu. Maniema yetu ni nchi ya mpunga tangu siku zile Waungwana walipouleta Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19. Hatuulaumu mpunga, umetulisha. Ila shamba la mpunga na kivuli havikai pamoja, na moto ukipita mahali pale pale mara kwa mara, vitu vya kivulini huenda zao.

Basi, tunamfahamu mama mmoja mzee anayekaa Alunguli. Tutamwita Koko tu, maana ndivyo wajukuu wake wanavyomwita, na sisi pia. Alizaliwa mbali chini ya mto, katika msitu wa upande wa Ubundu, akaja kuolewa huku. Alikuja na elimu ya mama yake ya majani. Si mganga wa kuweka kibao mlangoni. Ni mama anayejua, kama walivyokuwa mama wengi zamani. Wakati wa vita vilivyoanza 1998, sukari ilipokuwa kitu cha kusikia habari zake tu na watu wengi wa Maniema walikimbilia misituni, yeye na watoto wake walirudi kwao. Huko aliwapa watoto wagonjwa maji ya dawa chungu ambayo hakuna mtoto angekubali kuyameza, na kabla ya kuwapa aliwanyonyesha kofia ya lile tunda jekundu. Walimeza. Mmoja wao leo ni baba wa watoto wanne, naye anasema kwamba mpaka sasa akiona kikombe cha dawa anaonja utamu.

Siku moja Koko alitupa swali ambalo lilitushinda kujibu pale pale. Watu fulani kutoka mjini walikuwa wamemjia na zawadi, kitenge na sabuni, wakitaka awaonyeshe mahali unapoota mmea ule na mimea mingine miwili mitatu aijuayo. Walisema ni kwa faida ya wagonjwa. Hakuwakatalia, wala hakukubali; aliwaambia warudi baada ya mvua. Kisha akatuuliza sisi: “Wanangu, mkiniona nanyamaza, je, nimetenda dhambi? Na nikisema, je, sijatenda?”

Mnaona kwamba hakuuliza kwa mzaha. Hapo tukakumbuka kwamba mama huyu amejeruhiwa pande zote mbili.

Kwanza, aliwahi kusema. Miaka mingi iliyopita alimwonyesha jamaa yake mmoja mahali palipokuwa na mizizi fulani ya dawa, akimhurumia kwa sababu mke wake alikuwa mgonjwa. Yule jamaa alirudi na majembe na magunia. Aliporejea Koko msimu uliofuata alikuta mashimo tu, yamejaa maji ya mvua. Mizizi iliuzwa, mke wa yule mtu hakupata hata kikombe kimoja cha ziada. Pili, aliwahi kunyimwa. Shangazi yake alijulikana katika vijiji vyote vya jirani kwa dawa aliyowapa wanawake wanaotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Aliifunga dawa ile katika nguo, akaisaga usiku, hakumwonyesha mtu. Alikufa ghafula. Mwaka uleule mwanamke wa ukoo alijifungua, damu ikamtoka, wakakimbia huku na huku, hakuna aliyejua jani lile. Je, lingemwokoa? Hatutajua kamwe. Hapo ndipo uchungu ulipo: hata ukweli wa dawa ile ulizikwa, hata kosa lake kama ilikuwa na kosa.

Watu wengi hujibu swali la Koko upesi. Mkristu, wanasema, hana haki ya kuficha kitu cha kumfaa jirani. Bwana wetu aliponya mchana mbele ya watu, hakuuza siri. Basi Koko aseme yote, kwa wote, leo hii. Wengine nao hujibu upesi kutoka upande wa pili: msitu ni wa wenye msitu, mgeni hana haja isipokuwa faida, kila tulichosema kimechukuliwa, basi Koko afunge mdomo. Majibu yote mawili yanapendeza kwa sababu yanatuondolea taabu ya kufikiri. Hebu tuone yaliyotokea kweli duniani watu waliposema.

Katika mwaka 1855 daktari mmoja wa jeshi la Waingereza, jina lake William Freeman Daniell, aliandika katika gazeti la wauza dawa la London habari za tunda la ajabu la Afrika Magharibi. Ndilo tunda letu hili. Hakulivumbua yeye. Watu wa kule walikuwa wakilijua na kulitumia vizazi na vizazi, nao ndio waliomwonyesha. Lakini wataalamu walipoupa mmea jina, walitwaa maneno ya Kigiriki yenye maana ya tunda la ajabu, wakaongeza jina la Daniell. Hakuna jina la mtu mwingine ndani yake. Mwaka 1972 wataalamu huko Uholanzi walifaulu kutenga kile kitu kitamu, nacho ni protini, wakakiita taumatini. Kampuni ya Kiingereza ikaanza kununua matunda Afrika Magharibi na kuuza utamu ule kwa watengenezaji wa vyakula. Mwaka 1982 wataalamu wengine wakaweza kuhamisha ndani ya vijidudu ile asili iuambiayo mmea namna ya kutengeneza utamu wake. Maana yake ni kwamba siku moja hakutakuwa na haja ya tunda, wala ya kivuli, wala ya mama anayeinama kuliokota. Hatusemi kwamba wataalamu wale walikuwa wezi. Kujua ni jambo jema, na wagonjwa wasioweza kula sukari wamepata nafuu. Lakini mama wa kwanza aliyempa daktari yule tunda mkononi, yeye na watoto wake wamepata nini? Hata jina hakuna.

Kisa cha pili kinauma zaidi, na sisi huku mashariki ya Kongo kinatuhusu, kwa maana kwinini imetuokoa wengi, na kule Kivu mti wake umepandwa milimani, na Bukavu pamekuwa na kiwanda cha kuitengeneza. Mti wa kwinini asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Wajezuiti walileta gome lake Ulaya katika karne ya 17, na kule Roma Kardinali Juan de Lugo aliligawia maskini wenye homa. Baadaye kila dola ikatamani kuwa na miti yake yenyewe. Huko Bolivia aliishi mtu wa asili ya nchi ile, Manuel Incra Mamani, ambaye aliijua miti hiyo kama Koko ajuavyo majani: aliweza kusema kwa kuutazama tu mti upi una dawa nyingi na upi hauna. Alikuwa akimtumikia mfanya biashara Mwingereza, Charles Ledger. Kwa ajili ya bwana wake Mamani alisubiri miaka mingi hata akapata mbegu zisizoharibiwa na baridi, na mwaka 1865 alizileta. Ledger akazipeleka Ulaya. Waholanzi wakanunua kiasi kidogo, wakapanda Java. Kutokana na mbegu zile Java ikaja kuuza karibu kwinini yote ya ulimwengu. Ledger alipozeeka Waholanzi walimpa posho ya uzeeni, na mti ule bora umeitwa kwa jina lake, ledgeriana. Mamani alipokwenda tena kutafuta mbegu alikamatwa na wakuu wa nchi yake, akafungwa, akapigwa ili aseme anamfanyia nani kazi. Akafa kwa ajili ya mapigo yale mwaka 1871.

Fikirini basi. Je, Mamani alifanya vibaya? Malaria ilipoua watu kwa maelfu Afrika na Asia, ni mbegu zake zilizowapa dawa. Huenda na babu wa msomaji mmoja wa ukurasa huu aliponywa kwa zile mbegu. Wakuu waliomkamata walitaka mti ubaki kwao peke yao, na kama wangefaulu, ni wangapi wangekufa? Na bado mioyo yetu inakataa kusema kwamba yote yalikwenda sawa. Aliyetoa kitu kikubwa kuliko wote alikufa kwa mapigo, naye aliyekiuza alipata posho. Kutoa kwake kulikuwa kwema. Namna alivyopokewa ilikuwa mbaya. Mambo haya mawili yasichanganywe, na sisi twaona kwamba wengi wanaojibu upesi wanayachanganya.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliwahi kufikiri juu ya mali kwa jumla, na mafundisho yake yanatusaidia hapa kuliko tulivyotazamia. Alifundisha kwamba kuna mambo mawili katika mali. Moja ni kuitunza na kuigawa; hapo ni halali mtu awe na chake mwenyewe, kwa sababu kitu cha wote bila mwangalizi hakiangaliwi na yeyote. La pili ni kuitumia; hapo mtu asikihesabu kitu kuwa chake peke yake, bali awe tayari kuwapa wenye shida. Mtunzaji ni mmoja, faida ni ya wengi.

Haya, tulete mafundisho hayo kwenye swali la Koko. Katika elimu yake mna vitu viwili vilivyofungwa pamoja katika fungu moja, na kosa letu lilikuwa kuliacha fungu limefungwa. Kuna elimu ya matumizi: jani hili linafaa kwa nini, linatengenezwaje, linapewa nani, linamdhuru nani. Na kuna elimu ya mahali: vuka kijito cha tatu, pita mti mkubwa ulioanguka, shuka bondeni. Elimu ya matumizi haipungui ikigawiwa. Koko akimfundisha jirani namna ya kumnywesha mtoto dawa chungu, hajapoteza kitu. Sasa wanajua wawili. Lakini mahali panapungua. Mmea adimu ukiwa na mashina thelathini bondeni, na watu mia wakaambiwa, mwaka ujao hakuna bonde la kuambiwa mtu. Kwa hiyo twaona kwamba anayeficha matumizi mbele ya mgonjwa ana hesabu ya kutoa, na anayetangaza mahali ovyo ana hesabu pia, ingawa alitangaza kwa moyo mwema. Koko ni mtunzaji wa bonde. Kutunza si kunyima.

Msomaji mwerevu atasema: lakini matumizi bila mahali ni maneno matupu, ukimwambia mgonjwa jani bila kumwambia lilipo, umempa nini? Ni kweli, na ndiyo sababu hatusemi mahali pafichwe kwa wote. Tunasema paonyeshwe kwa yule atakayetunza, na kwamba mgonjwa mwenyewe apelekewe jani, si ramani. Shangazi yule hakukosa kwa kuwa hakuwaonyesha watu bonde. Alikosa kwa kuwa hakumwonyesha hata mmoja.

Kuna tena jambo ambalo waganga wetu hawapendi kulisikia, lakini hatuna budi kulisema. Siri haifichi dawa tu. Huficha na makosa. Dawa isiyoonwa na mtu haiwezi kupimwa na mtu. Tumeona watoto walionyweshwa kikombe kizima cha kitu kilichofaa kijiko, kwa sababu aliyekitengeneza alikataa kusema kilichomo, na muuguzi hospitalini hakujua aanzie wapi. Mwenye dawa ya kweli hana sababu ya kuogopa kuulizwa. Mara nyingi anayefunga dawa kwa vitambaa saba anafunga bei, si dawa. Koko, kwa sifa yake, hafanyi hivyo: mtoto akiwa na homa kali humtuma hospitali kwanza, halafu ndipo hutafuta majani ya kumtuliza.

Na wale waliokuja na kitenge? Hatukuwahi kuonana nao, wala hatujui mioyo yao. Lakini anayeomba siri ana wajibu kama anayeitunza, na jambo hili siku hizi si la hisani tu. Katika mji wa Nagoya huko Japani, mwaka 2010, mataifa yalifanya mapatano ambayo yalianza kutumika 2014, na nchi yetu ni mojawapo ya zilizoyakubali. Yanasema kwa ufupi kwamba anayetaka kuchukua mimea ya nchi pamoja na elimu ya wenyeji sharti kwanza apate ruhusa yao, wakiwa wameelezwa wazi atakachofanya, na kwamba faida igawanywe nao kwa haki. Karatasi hizo hazijafika Alunguli, hilo twajua. Hata hivyo kitenge na sabuni si maelezo. Mtu mwenye nia njema ataje jina lake, aseme anayemtuma, aseme kitu kitakwenda wapi na kitarudi vipi; naye akichukua mzizi mmoja, aache tisa. Papa Fransisko katika barua yake ya 2015 juu ya kutunza nyumba yetu sote alilitaja bonde la Kongo pamoja na Amazoni kuwa mapafu ya dunia. Ni heshima kwetu. Lakini mtu akikuambia kwamba msitu wako ni mapafu yake, una haki ya kumwuliza kama anakuhesabu nawe kuwa mwili mmoja naye.

Tulirudi kwa Koko baada ya majuma kadhaa, tukamweleza hayo kwa maneno machache kuliko haya. Alisikiliza huku akipepeta mchele. Alipomaliza alituuliza jambo ambalo hatukulitazamia: “Na kama hakuna anayetaka kurithi?” Maana binti zake wamehamia Kisangani na Bukavu, na wajukuu wanapenda simu kuliko jani. Hapo tulinyamaza kidogo. Tumeandika mengi juu ya anayenyima na anayepora, tumesahau yule anayeng'oa siri kwa kutoitaka tu. Vijana wanaosoma ukurasa huu wajiulize wenyewe. Mzee hawezi kumwachia urithi mtu aliyekwisha kuondoka. Tunajua ni vigumu kukaa na mzee msituni siku tatu kwenye kupe na matope kwa ajili ya jani moja, na masomo yanangoja. Lakini kuna wazee wengi walioitwa wachoyo ambao kweli hawakuulizwa na mtu.

Wale wageni hawajarudi mpaka leo, ingawa mvua zimepita mara mbili. Koko hakuwangoja. Katika kiangazi kilichopita alimwita mjukuu wake mmoja, msichana anayesomea uuguzi hapa Kindu, wakashuka mto pamoja hata kwao. Msichana alituambia kwamba safari nzima Koko hakumwambia jina la mmea hata mmoja; alimwachia aone, kisha jioni alimwuliza ameona nini, na alipokosea alimrudisha asubuhi mahali pale pale. Alikuwa na daftari. Koko aliliruhusu, ila kurasa za mahali alimwambia asiziandike, azitembee tu mpaka miguu izijue.

Walirudi na vipande viwili vya mzizi, vimefungwa ndani ya jani lake wenyewe pamoja na udongo wa kwao. Walivipanda nyuma ya nyumba Alunguli, chini ya mwembe, mahali panapomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Kimoja kilioza. Kingine kimetoa majani manne, na la tano linakunjuka. Tunda bado. Koko anasema huenda yeye asilione, na kwamba mwembe ule usikatwe.